Nani Aliipa Singida Namba?

Nilianza na namba iliyokuwa mfukoni mwangu. Kila simu inayoingia kwenye intaneti lazima iwe na anwani, mfululizo wa tarakimu unaoonyesha majibu yatumwe wapi. Nikiwa Singida mjini, si mbali na Ziwa Singidani, nilifungua mipangilio ya simu nikaisoma ya kwangu. Ilianza na 10. Nikaitafuta kwenye daftari la wazi la anwani za dunia, nikitarajia jina la kampuni, nchi na tarehe. Daftari likanijibu kwamba namba hiyo haina mwenyewe, si Tanzania wala kwingineko. Namba inafanya kazi mkononi mwangu na hakuna aliyepewa: imetoka wapi?

Jibu nililipata katika waraka wa Februari 1996, wenye namba 1918 katika mfululizo wa nyaraka za wahandisi wa intaneti. Waraka huo ulitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani: yanayoanza na 10, na 192.168, na sehemu ya 172. Yeyote anaweza kuyatumia ndani ya mtandao wake bila kuomba ruhusa, ila hayaruhusiwi kutoka nje. Duka la Kiomboi, shule ya Manyoni na ofisi ya London zinaweza kuwa na namba ileile siku ileile, na hakuna kinachogongana. Mwaka 2012 fungu jingine, linaloanzia 100.64, liliongezwa mahususi kwa kampuni zinazouza huduma ya intaneti. Simu yangu ikitaka kutoka nje, mtambo wa kampuni huivisha namba nyingine, na namba hiyo moja huvishwa simu nyingi kwa pamoja. Basi ile ya kwanza haikuwa alama ya njia hata kidogo. Hiyo ya nje ni ya nani?

Ya nje ilianza na 197. Safari hii daftari lilifunguka: nchi Tanzania, mwenye namba kampuni ya Dar es Salaam. Ramani za mtandaoni nazo ziliniweka Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka nilipokuwa. Wengi huishia hapo, wakasema Singida haipo kwenye intaneti. Sikuridhika. Nchi yetu imejitahidi kuipa kila nyumba anwani. Mwaka 2022, kabla ya sensa, operesheni ya anwani za makazi ilipita mitaani ikibandika namba na kusimika nguzo za majina ya barabara, na misimbo ya posta ya mkoa huu inaanza na 43. Nikatafuta kitu cha aina hiyo kwenye daftari la intaneti: mkoa, wilaya, kata. Hakipo. Kama anwani hii haifuati mahali, inafuata nini?

Inafuata mkataba. Juu kabisa ipo IANA, ofisi inayotunza orodha kuu. Chini yake zipo rejista tano za kanda. Ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius. Rejista hugawia wanachama wake: kampuni za simu, vyuo vikuu, serikali, mabenki. Hao nao hugawia wateja. Orodha kuu ya anwani za zamani, zile fupi tulizozizoea, ina vitalu 256 tu, na kila kitalu kina anwani 16,777,216. Mtu yeyote anaweza kuisoma kwa kikao kimoja. Niliisoma nikiweka alama kwenye vya Afrika. Kitalu cha 41 kilifika AFRINIC Aprili 2005. Cha 197, ambamo simu yangu ilikuwamo, Oktoba 2008. Cha 105, Novemba 2010. Cha 102, Februari 2011. Lakini watu wa Singida walikuwa wakituma barua pepe kabla ya 2005. Walitumia namba za nani?

Hapo njia ikaingia vichakani. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam, wa kwanza ukianza kazi Julai 2009, intaneti ya bara ilitegemea madishi yaliyoelekezwa angani. Kafe zilikuwa na kompyuta chache na muda uliouzwa kwa dakika. Anwani zilikuja pamoja na huduma ya setilaiti, na aliyeuza huduma hiyo mara nyingi alikuwa Ulaya au Marekani. Niliulizia mjini karatasi za enzi hizo: fomu za usakinishaji, risiti, chochote chenye namba. Nilichopata kilikuwa kipande kilichofifia, tarakimu za mwanzo zikisomeka na za mwisho zimeliwa na maji. Nilipozitafuta hizo chache daftarini nikakuta mwenye fungu leo ni mwingine kabisa, katika nchi nyingine. Daftari hilo huonyesha mwenye namba wa sasa. Wapangaji waliopita haliwataji. Kwa upande wa ushahidi, nilikuwa nimegonga ukuta. Ila kipande kile kilithibitisha jambo moja: namba zile ziliazimwa pamoja na dishi, na dishi likiondolewa zinaondoka nalo. Aliyeazima alizipata kwa kanuni gani, enzi ambazo Afrika haikuwa na rejista?

Jibu lilinishangaza nilipolikuta kwenye nyaraka za zamani. Afrika ilikatwa kwa mstari wa ikweta. Nchi za kaskazini mwa mstari zilihudumiwa na RIPE NCC, rejista iliyoanza Amsterdam mwaka 1992. Za kusini zilihudumiwa na ARIN ya Marekani, iliyoanza kazi Desemba 1997. Baadhi ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilielekezwa kwenye rejista ya Asia na Pasifiki. Singida, iliyo kati ya nyuzi 3 na 8 kusini mwa ikweta, ikawa upande wa Marekani kwa hesabu ya latitudo. Ikweta inapita ndani ya Kenya na ya Uganda. Mstari wa jiografia haujui mtandao wa nani unaungana na wa nani, wala mfanyabiashara wa Mwanza anaongea zaidi na Kampala au na Johannesburg. Sisemi uliwekwa kwa nia mbaya; huenda ulikuwa njia ya haraka ya kugawana kazi. Lakini mtu aliyekaa Marekani angepimaje haja ya mtandao wa Tanzania?

Kulijua hilo ilinibidi nirudi nyuma zaidi, hadi kwenye daftari lenyewe lilipoanza. Waraka namba 791 wa Septemba 1981 uliweka anwani yenye biti 32, yaani namba 4,294,967,296 kwa jumla. Kwa miaka mingi aliyesimamia orodha ya nani amepewa nini alikuwa Jon Postel, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Southern California, hadi alipofariki Oktoba 1998. Ugawaji wa awali ulikuwa na vipimo vitatu tu. Kipimo kikubwa kilikuwa na anwani milioni 16.7, cha kati 65,536, kidogo 256. Taasisi yenye kompyuta 300 ilishindwa kuingia kwenye kipimo kidogo, basi ikapewa cha kati, na anwani zaidi ya 65,000 zikalala bila kazi. Hapa ndipo ilipozaliwa simulizi ambayo nimeisikia mara nyingi kwa vijana wa mitandao: kwamba waliotangulia walizinyakua zote. Je, nyaraka zinakubaliana nao?

Nusu tu. Sijaona kunyakua. Namba zilitolewa bure kwa aliyeomba, na walioomba walikuwa wachache kwa sababu mtandao ulikuwa wa watafiti. Mfumo wa vipimo vitatu ndio uliopoteza, kuliko uchoyo wa mtu. Lakini matokeo ni yaleyale. Vyuo na kampuni chache za Marekani zilibaki na kitalu kizima kila moja, anwani milioni 16.7, wakati mkoa mzima wa Singida una watu takriban milioni 2. Waliopata mapema hawakusaini masharti yaliyokuja baadaye, kwa kuwa hayakuwapo. Mwaka 2017 chuo kikuu kimoja cha huko kilitangaza kuuza mamilioni ya anwani zake kwa kuwa hakikuzihitaji. Kitu kilichotolewa bure kiliuzwa. Kama haukuwa wizi, na haukuwa uvunjaji wa kanuni, ulikuwa haki?

Kanuni zilikuja kwa hatua. Oktoba 1992, waraka namba 1366 ulipendekeza ugawaji upelekwe kwenye kanda. Mwaka 1993 vile vipimo vitatu vikaachwa, fungu likawa linaweza kukatwa kwa ukubwa wowote unaofaa. Kisha Novemba 1996 ukatoka waraka namba 2050, ambao nimeusoma na kuurudia kuliko mwingine wowote katika safari hii. Ulisema mwombaji aonyeshe haja. Robo ya anwani anazoomba azitumie mara moja, na nusu ndani ya mwaka mmoja. Hakuna mahali panaposema Mwafrika apewe kidogo. Kanuni ni moja kwa wote. Hilo ndilo lililonifanya nisimame. Kanuni moja inaweza kuwa haki kwa mwenye kompyuta 1,000 leo. Inakuwaje kwa anayetarajia kuwa nazo baada ya miaka kumi?

Nilikaa na swali hilo, kwani naamini uzito wote wa habari hii uko hapo. Mwaka 1996 haja ilipimwa kwa vifaa, na kifaa kilihitaji umeme, laini ya simu na fedha za setilaiti. Kijiji cha Mkalama kisicho na umeme hakikuwa na haja yoyote ya kuandika kwenye fomu. Mkamuaji wa alizeti wa Ikungi ambaye leo anapokea malipo kwa simu hakuhesabika, maana biashara hiyo kwa simu haikuwepo. Kwa kipimo cha fomu, Singida ilikuwa na haja sifuri. Mtu aliyeitunga kanuni angeweza kujibu kwamba kuweka akiba kwa ajili ya watu wasio na mtandao kungekuwa kufungia mali ghalani huku wengine wakikosa, na kwamba ghala lisilotumika huvutia walanguzi. Jibu hilo si jepesi, nami sikuweza kulipuuza. Lakini kipo kipimo cha kulijaribu: akiba ya Afrika ilipokuwepo, iliishia wapi?

Tarehe 3 Februari 2011 orodha kuu iliisha. Vitalu vitano vya mwisho viligawanywa sawa, kimoja kwa kila rejista ya kanda. 102 ndicho kilichoangukia Afrika. Kisha kanda zenyewe zikaanza kukauka. Asia na Pasifiki ilifikia akiba yake ya mwisho Aprili 2011. Ulaya na Mashariki ya Kati, Septemba 2012. Amerika ya Kusini, Juni 2014. Amerika ya Kaskazini, iliyoanzisha mtandao, iliishiwa kabisa Septemba 2015. Afrika ilikuwa bado inagawa. Iliingia hatua ya kwanza ya kubana mwaka 2017, na ya pili Januari 2020. Ukweli huu unaiyumbisha simulizi ya kwamba tulinyimwa: tulikuwa wa mwisho kuishiwa. Ila unaiyumbisha vilevile simulizi ya pili, ninayoisikia kwa watu wa ofisini, kwamba zilitutosha. Zilibaki kwa sababu mitandao yetu ilikuwa midogo na nyaya zilichelewa. Ukiwa na akiba katika dunia yenye njaa ya namba, nani analinda mlango?

Walinzi, kwa mujibu wa kanuni, ni sisi wenyewe. Sera za AFRINIC hazitungwi na bodi ikiwa imejifungia. Yeyote, awe mwanachama au asiwe, anaweza kuandika pendekezo. Linajadiliwa kwa maandishi, kisha kwenye mkutano wa hadhara. Hakuna kura, huangaliwa kama wengi wamekubaliana na kama pingamizi zimejibiwa. Miezi michache baada ya orodha kuu kuisha, Juni 2011, mkutano wa aina hiyo ulifanyika Dar es Salaam, na suala kubwa la wakati ule lilikuwa namna ya kutua taratibu akiba inapokwisha. Sera iliyotokana na mjadala huo wa bara zima ni kali kwa hesabu: katika hatua ya kwanza mwombaji mmoja asipate zaidi ya anwani 524,288 kwa mara moja, na katika hatua ya pili, tuliyomo, asizidi 1,024 wala kupungua 256. Mlango ulikuwa wazi, na ulifunguliwa umbali wa siku moja kwa basi kutoka hapa. Aliyesimama kuisemea mikoa ya bara ni nani?

Nilitafuta alama ya Singida katika historia ya kanuni hizo, sikuiona. Niliona mambo mengine. Mnamo 2019 ilifichuka kwamba mafungu ya anwani, baadhi yakiwa ya zamani yaliyosahaulika, yalikuwa yameandikwa upya kwa majina yasiyostahili. Ukaguzi uliochapishwa na rejista yenyewe mwaka 2021 ulihesabu takriban milioni 4. Mwaka huohuo ulizuka mgogoro mwingine, wa kama anwani zilizotolewa kwa haja ya Afrika zinaweza kutumika nje ya Afrika, nao ukafika mahakamani Mauritius. Akaunti za rejista zilizuiwa kwa muda. Bodi ikakosa akidi. Mwaka 2023 mahakama iliteua msimamizi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulibatilishwa, ukarudiwa Septemba. Sitaji pande zake. Upande mmoja unasema mkataba uliosainiwa hauwezi kubadilishiwa maana baadaye. Mwingine unasema haja iliyoandikwa kwenye fomu ndiyo roho ya mkataba. Chini ya kesi zote kuna shauri moja ambalo nyaraka za miaka ya 1990 hazikulimaliza. Namba ni mali ya aliyepewa, au ni amana?

Mkoa huu unalijua shauri la aina hiyo. Kilimatinde, kwenye ukingo wa bonde ndani ya wilaya ya Manyoni, lilikuwa lango la njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora. Mbele yake ulianza Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lenye maji haba. Wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliopita Ugogo waliandika kwa hasira juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita, waliyotozwa na watemi, na vitabu vyao vikaifanya ionekane unyang'anyi. Wagogo hawakuacha vitabu. Ukiitazama nchi yenyewe wakati wa kiangazi unaona upande wao: kisima kilichimbwa na watu, kikatunzwa na watu, na msafara wa mamia ungeweza kukikausha kwa siku moja kisha ukaendelea na safari. Aliyeandika alikuwa mpitaji. Kwenye anwani za intaneti pia, kumbukumbu tulizonazo zimeandikwa na waliokuwa njiani mapema. Sisi wenye kisima tumeandika nini?

Na uhaba huu si wa makaratasi. Kwa kuwa namba moja ya nje huvishwa simu nyingi, mmoja akifanya utapeli mtandaoni tovuti ikaifungia namba hiyo, wasiohusika hufungiwa naye. Mpelelezi akipata anwani peke yake hajapata mtu. Anahitaji saa kamili na namba ya mlango wa mtambo, na kampuni iwe imetunza kumbukumbu hizo. Mwanafunzi anayetaka kuweka seva yake nyumbani, ili dunia isome alichotengeneza, hawezi, sababu simu au ruta yake haina anwani inayofikika kutoka nje. Mkongo wa Taifa unapita Singida, faiba ipo ardhini. Kilichobanwa ni namba. Je, hakuna namba nyingine?

Zipo, nazo zilitayarishwa zamani. Waraka wa kwanza wa anwani mpya, zenye biti 128, ulitoka Desemba 1995, miezi miwili kabla ya ule uliotenga namba kama ya simu yangu. Afrika ilipewa fungu lake kubwa, linaloanza na 2C00, Oktoba 2006. Fungu dogo la kawaida la mtoa huduma linatosha wateja 65,536, kila mmoja akiwa na mtandao wenye nafasi isiyoweza kujazwa na vifaa vya mkoa mzima. Hakuna foleni ya miaka, hakuna mlanguzi. Fundi mmoja nilipomweleza hayo alinijibu kwa upole, kaka, tatizo si kupewa. Tatizo ni vifaa vya zamani vilivyoko tayari, tovuti zinazobaki upande wa zamani, na mabosi wasioona faida ya kubadilisha kinachofanya kazi. Namwamini kwa sehemu. Gharama ni kweli. Lakini sababu hizo zilikuwa za kweli pia Ulaya na Asia, na zipo nchi huko ambazo zimevuka. Kinachozichelewesha kampuni zetu ni gharama, au ni kutodaiwa?

Ndiyo maana sasa nimehamia kwenye nyaraka za karibu zaidi: zabuni za intaneti za ofisi za umma, hospitali na vyuo. Hospitali inayonunua huduma leo hupewa anwani za kampuni, na ikibadilisha kampuni inaziacha, kama zilivyoachwa enzi za dishi. Ingeweza kuomba fungu la anwani mpya kwa jina lake yenyewe, ikabaki nalo hata ikihama kwa mtoa huduma mwingine. Ingeweza pia kuandika kwenye zabuni kwamba huduma isiyo na anwani hizo haipokelewi. Kanuni zinaruhusu yote mawili. Ninaposoma mikataba ninatafuta mstari mmoja tu, na ni swali ninalowaachia wakurugenzi wa halmashauri, kuanzia Itigi hadi Mkalama, kabla hawajasaini unaofuata: anwani hizi zimeandikwa kwa jina la nani?